Penseli Yenye Uzi

Miaka ishirini na sita nilihesabu noti kando yake,
jiko la makaa nyuma yetu,
na nje uwanda wa Dakota Kaskazini, bapa kama meza iliyofutwa.
Naandika kwa sababu gazeti la kaunti limempa aya mbili
na zote mbili zimemsifu bure.

Halvor Tveiten aliingia benki ya Vangsby na ufagio,
miaka kumi na mitatu, viatu vya kaka yake.
Akawa wa kujaza wino, akawa karani,
akawa mtu ambaye wakulima humvulia kofia
wangali barazani, theluji mabegani.
Alilowesha kidole gumba kabla ya kila noti.
Alikilowesha hata kabla ya kufunua Biblia.

Kisha mvua ikakata mguu.
Mwaka wa kwanza ngano ilifika magotini,
wa pili vifundoni,
wa tatu upepo ukaubeba udongo wenyewe
ukauleta hadi kaunta, nikaufuta kwa kitambaa:
shamba la mtu, na kwa rangi yake nilijua la nani.
Kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi zile nilizihudhuria, mikataba niliichapa mimi.
Matanga tuliyapangia tarehe.

Mashamba arobaini na moja.
Kalamu yake, mhuri wangu.
Kwa akina Haugerud tuliuza ng'ombe sita, plau, kinanda cha kanyagio,
na sleji ya mtoto, senti themanini.
Petrine Haugerud alisimama mlangoni, mikono ameikunja.
Hakulia. Alimtazama Halvor
kama mtu asomaye kipimajoto.

Sijui aliamua siku gani.
Asubuhi moja ya Machi alikuja na koti la kanisani,
akaweka funguo juu ya daftari langu,
akasema, "Sefu inakwama, isukume kwa goti,"
akaenda kuomba kura kwa watu aliowauzia vitanda.

Wapo waliomfungulia mbwa.
Petrine, sasa mpangaji nyuma ya ghala la nafaka,
alimmiminia kahawa, sukari hakumpa.
Nilipomuuliza baadaye kwa nini alimpigia kura, alisema:
"Aliyenifungia mlango ndiye ajuaye ufunguo ulipo."

Huko Bismarck hakuwa msemaji.
Wenzake walinguruma; yeye alihesabu vichwa,
kidole gumba kimelowa, midomo ikicheza.
Mswada wake ulikuwa wa ukurasa mmoja:
mdaiwa apewe majira mawili ya baridi kabla ya nyundo ya mnada.
Ulianguka. Akaurudisha. Ukaanguka kwa kura tatu.
Wenye mabenki, marafiki zake wa juzi,
wakaacha kumwalika kuwinda bata mwitu.
Kikao cha tatu ukapita, umebandikwa jina la mtu mwingine,
majira mawili yamekatwa, limebaki moja.

Alinipigia simu usiku ule.
"Moja," akasema.
Nikamwambia moja ni zaidi ya sifuri, hiyo ni hesabu tu.
Akanyamaza mpaka opereta akaingilia kudai senti.

Oskar Bjerke alipata baridi yake moja.
Nilimwona akipita na sanduku la mbegu, akinipungia kama mtu aliyepona.
Aprili tukamnadi, kwa mujibu wa sheria.

Gazeti linasema alikuwa rafiki wa mkulima.
Hakuwa. Mkulima alimwogopa hadi mwisho,
naye, nadhani, alimwogopa mkulima zaidi.
Ila deni lake alilijua, na hakuna aliyemtumia barua ya kumkumbusha.

Jumatatu nimefungua dawati lake lililorudishwa kutoka Bungeni.
Vitambulisho, vidonge vya kikohozi, soksi moja,
na penseli ya kaunta yetu, uzi ungali na fundo,
umekatwa kwa kisu.
Kumbe ni yeye. Miaka yote ile nilimshuku yule mwuza kuku.

Nimeifunga pale pale ilipokuwa.
Imebaki urefu wa kidole gumba.
Leo asubuhi kijana amekuja kukopa trekta;
ameishika, ameangalia ncha yake,
akailowesha ulimini kabla ya kuandika.